Hivi hospitali ikikuachia maambukizi kwenye mshono inaripoti wapi? Au ndo imetoka hiyo

Baba Nasra
Wakuu habari za humu ndani. Mimi huwa napita kimyakimya nasoma naondoka lakini hili limenikaa kooni.

Waifu alijifungua kwa oparesheni mwezi uliopita, hospitali sitaitaja. Siku ya tatu tukaruhusiwa, mama mzima mtoto mzima, nikaita bajaji tukarudi home kwa shangwe. Siku ya sita usiku mama mkwe anamwogesha anasema huu mshono mbona unanuka, kuangalia panatoa majimaji rangi ya chai ya maziwa. Asubuhi mbio hospitali, wakafungua nyuzi nne, wakaminya weee, wakaandika sindano siku 7 na dresingi kila siku. Kila dresingi nalipia. Glovu nanunua, gozi nanunua, na ile hela ya oparesheni nilishalipa yote mpaka nikakopa kwa bosi.

Nikamuuliza nesi kwa upole kabisa, huu uchafu kaupata wapi? Akanijibu bila hata kuniangalia, "mlimkanda tumbo nyumbani". Sasa mama mkwe alimkanda miguu na mgongo, tumbo hakuligusa, yule mama kalea wajukuu tisa anajua anachofanya. Halafu pale wodini nikakuta wamama wengine wawili wamerudi na shida hiyohiyo, mmoja alikuwa kitanda cha jirani na waifu, walipasuliwa siku moja thieta hiyohiyo. Watatu hao. Wote walikandwa tumbo?

Swali langu ni moja, kuna sheria inayoilazimisha hospitali ikiona hivyo iandike mahali na imripotie mtu? Maana mimi nikigonga pikipiki ya mtu hapo barabarani polisi wanaandika. Nawasilisha.

Mchungaji wa Mbuzi
Mkuu tuliza mshono kwanza

Baba Nasra
Ndo hautulii sasa 😅

Shangazi Kaja
We Mchungaji una laana. Baba Nasra pole sana mwanangu, mpe mama pole. Ale mayai na maharage kidonda kizibe, na hiyo dresingi asiikatishe hata kama pananuka vizuri tayari. Nafatilia uzi.

Wakili Uchwara
Jibu fupi, sheria ipo lakini haikuoni wewe.

Jibu refu. Sisi Tanzania tuna Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009, inataka magonjwa fulani yakionekana yatolewe taarifa, unajua mwenyewe, kipindupindu, surua, kichaa cha mbwa, homa zile za kutoka damu. Mfumo huo unafanya kazi, msibishe. Machi 2023 Marburg ilipotokea kule Kagera nchi nzima ilijua, wakatangaza, kesi zikaishia 9 na vifo 6, Juni wakatangaza imeisha. Na huko juu kuna zile kanuni za kimataifa za afya za 2005, nchi ikishapima ikaona jambo linaweza kuwa la kutisha inatakiwa iwaambie WHO, Shirika la Afya Duniani, ndani ya saa 24.

Sasa angalia kilichomo kwenye orodha na kisichokuwemo. Pepopunda ya kichanga imo. Kifo cha mama mzazi kinaripotiwa ndani ya saa 24 na kamati inakaa kujadili amekufa kwa nini. Lakini mama ambaye mshono umefumuka, kalazwa tena wiki mbili, kanywa dawa za laki kadhaa, KAPONA, huyo hayumo. Kwa lugha nyingine mkeo angekufa angehesabiwa. Kwa kuwa kapona ni stori ya familia yenu. Samahani kwa kusema hivyo mkuu ila ndo ilivyo.

Kuna miongozo ya kukinga na kudhibiti maambukizi, ipo toka 2004 na ukaja mwingine 2018, mizuri kabisa, imeandika mpaka ndoo ya taka ya rangi gani iwekwe nini. Lakini mwongozo ni mwongozo. Hakuna anayepandishwa kizimbani kwa kukiuka mwongozo.

Baba Nasra
Daah. Hiyo ya "angekufa angehesabiwa" nimeisoma mara tatu.

Mzito wa Thika
Huku kwetu Kenya mtacheka. Sheria yetu ya afya ya umma, ile Cap 242, ni ya 1921, mkoloni aliiandika akiogopa tauni na ndui. Lakini hebu soma ile orodha ya magonjwa ya kuripotiwa, ndani kuna homa ya uzazi, yaani mama akioza damu ama tumbo baada ya kuzaa daktari anafaa kutoa taarifa. Miaka mia moja na ushee. Sasa niambie ni nani amewahi kuona hiyo ikiripotiwa namna hiyo? Mimi nimefanya na hospitali za kaunti mbili tofauti sijawahi. Tuko na sheria ya afya ya 2017 pia, nayo imeongea mambo mengi ya haki ya mgonjwa. Shida yetu si karatasi.

Kisiki cha Mpingo
Nyie mnaongea kirahisi sana. Nimekaa kwenye uongozi wa hospitali miaka 14. Leo ukitunga sheria kila mshono uliooza uripotiwe na utangazwe, kesho hospitali ya wilaya inaonekana machinjio, na ile ya binafsi inayopasua watu watano kwa wiki inaonekana peponi. Wagonjwa wenyewe wanakuja kwetu wameshachelewa siku mbili kwa mkunga, maji yamepasuka toka juzi, ana upungufu wa damu, ana kisukari, halafu mshono ukisumbua ni hospitali. Mleta mada pole lakini tusiwe na hasira.

Mbebaboksi
Naomba nichangie hapa maana ndo boksi ninalobeba lenyewe. Mimi ni nesi Pennsylvania Marekani, mwaka wa kumi na moja sasa, na nilianzia unesi nyumbani kwa hiyo pande zote nazijua.

Kisiki hoja yako ndo ileile walioleta wenye hospitali huku. Pennsylvania walianza kulazimisha hospitali zitoe hesabu za maambukizi, mwaka 2004 zikaripoti 11,668 jimbo zima. Mwaka 2005 zikafika 19,154. Mtu asiyejua anasema mwaka mmoja tu hospitali zimeoza zote. Wapi, ni watu walikuwa wameanza kuhesabu kweli. Na Novemba 2006 wakaweka hadharani hospitali kwa jina, kelele zilikuwa nyingi kweli. 2007 ikapita sheria yenyewe, inaitwa Act 52, kila hospitali iwe na mpango wa kudhibiti maambukizi, iwe na kamati ya kazi hiyo, na maambukizi yaliyopatikana hospitalini yahesabike kuwa ni tukio kubwa. Likishaitwa hivyo mgonjwa anaandikiwa BARUA ndani ya siku 7. Barua, ina jina lake, inamwambia hili limekupata kwetu. Baba Nasra ungekuwa huku usingejibiwa habari za kukandwa.

Kingine ni hela. Toka Oktoba 2008 bima ya serikali ya wazee, Medicare, ilisema kuna mambo ikitokea umeyasababisha wewe hospitali hatukuongezei malipo, mfano maambukizi ya mkojo kwa sababu ya katheta, ule mpira wa kutolea mkojo. Halafu toka 2014 robo ya hospitali zinazofanya vibaya zaidi zinakatwa asilimia 1 ya malipo yake ya Medicare ya wagonjwa wa kulazwa mwaka mzima. Hapo ndo utawaona mabosi wanashuka wodini kuuliza habari za sabuni.

Mimi nakaa ICU. Kila asubuhi kwenye raundi swali ni hilohilo, huyu laini ya shingoni, yaani mpira wa dawa ulioingizwa kwenye mshipa mkubwa, bado anaihitaji? Katheta bado ya nini? Kama hakuna jibu inatolewa hapohapo. Na daktari akija kuweka laini mimi nasimama na karatasi yenye mambo matano, amenawa, amesafisha ngozi kwa klorheksidini, amevaa gauni na barakoa na mgonjwa amefunikwa wote, hachomi kwenye paja bila sababu, na laini isiyohitajika itolewe. Akiruka kimoja namwambia simama. Na anasimama! Hiyo karatasi ni ya daktari mmoja anaitwa Peter Pronovost, waliijaribu ICU za Michigan wakatoa matokeo 2006, maambukizi ya laini yakashuka kwa zaidi ya nusu. Karatasi ile inagharimu shilingi ngapi kuchapisha?

Mchungaji wa Mbuzi
Nesi amwambie daktari simama. Hapa bongo utahamishiwa kituo hakina hata barabara

Mbebaboksi
😂 ndo maana nimesema nimeanzia nyumbani nayajua yote.

Ila nisiwadanganye kwamba huku ni mbinguni. Hesabu ikishafungwa kwenye hela watu wanajifunza ujanja. Mgonjwa ana homa, usichukue damu ya kalcha leo, yaani ya kuoteshwa wadudu maabara, mpe dawa kwanza, maana ukichukua ikaota wadudu ni kesi yako. Si wote wanafanya ila maneno hayo nimeyasikia kwa masikio yangu. Na hospitali zinazopokea masikini ndo zinakatwa zaidi, hapo Kisiki uko sahihi kabisa. Mgonjwa mmoja kati ya 31 huku siku yoyote ana maambukizi aliyoyapata hospitalini, hiyo ni hesabu yao wenyewe CDC, taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa, pamoja na sheria zote hizo.

Darubini
Mbebaboksi kaniitia kazi yangu. Mimi ni mtu wa maabara, naomba niwaambie siri ya jikoni. Huku kwetu hatuhitaji ujanja wa kukwepa kalcha, kalcha yenyewe haipo.

Mama karudi na mshono unatoa usaha. Ili tuseme ni mdudu gani inabidi wapanguse usaha kwa pamba safi, waulete, niuoteshe, siku 2 mpaka 3 ndo nakuambia ni Staph au Klebsiella na dawa gani inamuua. Hospitali ngapi za wilaya zina hiyo huduma? Na pale ilipo, mgonjwa anaambiwa alipie, anaona bora hela hiyo anunue sindano. Kwa hiyo daktari anaandika seftriaksoni, isiposhuka anaongeza nyingine, isiposhuka rufaa. Kwenye kitabu panaandikwa "kidonda". Kidonda! Aliyeanguka na baiskeli kidonda, aliyeambukizwa thieta kidonda. Ukija mwisho wa mwezi kujumlisha utapata vidonda 60 na hujui kitu.

WHO walitoa ripoti 2022, nchi za hali ya juu wagonjwa 7 kati ya 100 wanaolazwa wanapata maambukizi ya hospitalini, nchi kama zetu 15. Nchi kama zetu kwa ujumla wake. Ukiniuliza hospitali yangu mimi ni ngapi ntakuangalia tu.

Ila nitoe heshima panapostahili. Bugando Mwanza waliwahi kuwafuatilia wamama waliozaa kwa oparesheni, wakachapisha 2014, karibu 11 katika kila 100 mshono uliambukizwa. Wameweka jina lao na namba yao mezani. Mimi hospitali iliyojipima na kukuta 11 naipeleka dada yangu kesho. Iliyoniambia sisi kwetu ni sifuri, sipiti hata nje ya geti.

Shangazi Kaja
Hapo kwenye sifuri umenigusa. Ni kama mama ntilie anayekuambia toka nianze kupika hakuna mtu ameharisha. Umewafuata choni?

Mchungaji wa Mbuzi
Shangazi 🤣🤣🤣 nimemwaga chai

nesi_zamu_ya_usiku
Nimesoma kurasa zote, nilikuwa nimejiapiza sichangii mambo ya kazi mtandaoni ila leo niko off.

Baba Nasra kwanza pole, na kwa niaba ya yule nesi aliyekujibu vile naomba radhi, majibu yale ni mabaya. Lakini nikwambie kwa nini anajibu vile. Usiku tunakuwa wawili, wagonjwa 38, wanne wametoka thieta. Maji yanakata saa tano. Naanza kuchota kwenye pipa. Sasa mshono ukioza asubuhi wanaulizwa nani? Siyo aliyepasua. Siyo aliyechelewesha vifaa kwenye otoklevu, ile mashine ya kuua wadudu kwa mvuke. Wanamuuliza nesi wa dresingi. Ukishajua hivyo mdomo unazoea wenyewe kusema "mlimkanda".

Nitawapa kisa, mahali nilipokuwa zamani na siyo nilipo sasa. Wodi ya vichanga, wiki moja watoto watatu wakapata homa kali, wananyonya vibaya, wamelegea. Nikaandika kwenye ripoti ya zamu, nikaandika na majina na tarehe, nikampelekea mkubwa wangu. Nikaitwa. Siyo kuulizwa watoto wako vitanda gani, hapana, niliulizwa "unataka sifa ya hospitali iende wapi?" nikaambiwa niandike barua ya kujieleza. Nilijieleza nini sasa? Kwamba nimeona?

Bahati akaja daktari intern, kijana mdogo, akaniuliza dada hebu nionyeshe mnavyoyeyusha dawa. Tulikuwa na chupa moja ya dripu, asubuhi inachomwa sindano juu pale kwenye mpira, sindano inabaki hapo kutwa nzima, kila anayetaka kuyeyusha dawa ya mtoto anakuja anavuta na bomba lake. Wote tulifanya hivyo, tulikuta inafanywa hivyo. Akasema tupa hii, kuanzia leo kila mtoto chupa yake ndogo. Hapohapo tukaanza. Mwezi ule hatukupata mwingine. Hakuna mahali popote hiyo habari imeandikwa, ndo naiandika leo hapa kwenye uzi wa Baba Nasra. Wodi ya pili yake bado walikuwa wanaacha sindano kwenye chupa maana nani angewaambia, na kwa barua gani?

Kwa hiyo mkiniuliza mimi sheria inayotakiwa, kabla ya kuilazimisha hospitali iripoti, iseme kwanza kwamba anayeripoti haandiki barua ya kujieleza. Anzeni hapo. Mengine yatakuja.

Kisiki cha Mpingo
Dada hapo sina la kubisha. Na mimi nimeshawahi kuwaandikisha watu hizo barua.

nesi_zamu_ya_usiku
Najua mkuu. Wote mmetuandikisha.

Darubini
Hicho kisa cha sindano kwenye chupa kina babu yake. Yambuku kule Zaire 1976, mmoja wa milipuko miwili ya kwanza ya Ebola, hospitali ya misheni manesi walikuwa wanapewa mabomba 5 ya sindano asubuhi kwa wagonjwa wote wa siku hiyo, wanasuuza tu kwenye maji ya uvuguvugu wanaendelea. Watu 280 wakafa. Na juzi tu Rwanda, Septemba 2024, Marburg ya Kigali, wagonjwa 66 na wengi wao walikuwa ni wahudumu wa afya wenyewe. Vifo 15, ni vichache sana kwa Marburg, na sababu mojawapo ni kwamba walikubali mapema na wakahesabu kila mtu. Ukificha maambukizi ya hospitali anayekufa wa kwanza ni aliyevaa glovu.

Mzito wa Thika
Hii thread iwekwe juu. Swali kwa Wakili, sasa huyu ndugu afanye nini leo na sheria iliyopo?

Wakili Uchwara
Afanye hivi, na mimi si wakili wake wala hanilipi. Aombe nakala za kumbukumbu za mkewe kwa barua siyo kwa mdomo, karatasi ya ruhusa, ya thieta, na ya kila dresingi, abaki na nakala iliyogongwa muhuri. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, taarifa za mwili wako una haki ya kuziona. Kama anaona kuna uzembe wa daktari kuna Baraza la Madaktari, nesi ana baraza lake. Kama anataka mahakama, madai ya namna hii ni ndani ya miaka 3, na kama hospitali ni ya serikali lazima kwanza apeleke notisi ya siku 90. Ila atambue kuthibitisha kwamba wadudu walitoka thieta na siyo nyumbani, bila kalcha, bila rejista ya wale wamama watatu, ni kesi ya kumtajirisha wakili. Na hapo unarudi palepale, ushahidi anao mshtakiwa na sheria haimlazimishi auandike.

Baba Nasra
Wakuu nimerudi na mrejesho, samahani nimepotea wiki mbili.

Kwanza mshono umefunga, bado kama kidole kimoja hivi hapo pembeni lakini pakavu, hanuki mtu. Mahakamani siendi, sina hela ya wakili wala uchwara.

Nilipeleka barua ya kuomba file. Mapokezi wakanizungusha siku mbili. Siku ya tatu nikakutana na matroni mwenyewe, mmama mtu mzima, nikamwambia mama yangu mimi sijaja kugombana, nataka kujua kama wale wengine wawili mnao kwenye kitabu. Akanyamaza muda mrefu nikadhani ananifukuza. Akasema kaa. Akaniuliza tarehe ya oparesheni, akaenda kuleta kitabu cha thieta, tukatafuta wote. Wale watatu waliingia mfululizo, na siku hiyo pameandikwa pembeni kwa kalamu nyekundu otoklevu imeharibika vifaa vimepelekwa kuchemshiwa sehemu nyingine. Sijui kama ndo sababu, naye hakusema ndo sababu, lakini aliangalia ile kalamu nyekundu muda mrefu.

Akatoa kaunta buku mpya kwenye droo. Akachora mistari kwa rula, jina, tarehe ya kupasuliwa, nani kapasua, namba ya simu, siku ya 7, siku ya 14, siku ya 30. Akasema kuanzia sasa kila mama akiruhusiwa tunampigia. Nikamuuliza na vocha nani ananunua? Akacheka. Akamwandika waifu namba 1.

File bado hawajanipa.

nesi_zamu_ya_usiku
Siku ya 30 ndo sahihi kabisa, oparesheni inafuatiliwa siku 30. Huyo matroni anajua. Tatizo akistaafu kaunta buku linaondoka naye.

Mchungaji wa Mbuzi
Nilikuja kutania nimebaki nasoma mpaka mwisho. Baba Nasra serious, hospitali gani hiyo? Waifu yuko wiki ya 37 na wameshatuambia ni kisu.

Baba Nasra
Njoo PM

Shangazi Kaja
Na mimi nitumie huko PM, nina mkwe.

Mzito wa Thika
Hata mimi na niko Kenya